Fremu Nafuu ya Kaboni Katika Barabara za Nakuru

Miaka kumi na mitano iliyopita, fremu ya kaboni ilikuwa kitu cha kuonwa kwenye televisheni wakati wa Tour de France. Leo mtu aliye Lanet, Njoro au Gilgil anaweza kuagiza fremu na foku yake moja kwa moja kutoka kiwandani China kwa dola 400 hadi 700 hivi, yaani kama Sh52,000 hadi Sh91,000 kabla ya usafiri na ushuru. Kisha anatafuta gia, magurudumu na usukani, anakaa na fundi, na baiskeli ya mbio inapatikana. Swali ni kama hesabu hiyo inalipa katika Bonde la Ufa la kati, penye milima mirefu, vumbi kali na maduka ya vipuri yaliyozoea baiskeli za aina nyingine kabisa.

Nasema inalipa, kwa sharti moja: fremu ichaguliwe kwa vipimo vyake, si kwa wepesi wake. Anayekimbilia gramu atajikuta na kifaa kizuri kilichotundikwa ukutani kwa kukosa beringi moja. Anayechagua fremu inayokubali vipuri vya kawaida atapanda nayo hadi Timboroa kwa miaka mingi.

Tulikotoka

Baiskeli iliyojenga Nakuru ni Black Mamba. Ni chuma kizito, haina gia za kubadilisha, ina kariya ya nyuma iliyobeba maziwa, mboga, mitungi ya gesi na abiria wa boda boda kabla ya pikipiki kutwaa kazi hiyo. Nguvu yake kubwa haikuwa kasi. Ilikuwa kwamba kila kituo cha biashara kilikuwa na mtu wa kuitengeneza, na chuma kikivunjika kilichomelewa palepale.

Mbio za kisasa zilikuja kwa njia nyembamba. Karibu na Kikuyu, David Kinjah alilea vijana wa Safari Simbaz kwa vipuri vilivyotumika na kutumika tena, na miongoni mwao alipita Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyeshinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Kaskazini mwa Nakuru, Nicholas Leong kutoka Singapore alianzisha Kenyan Riders kule Iten, akiamini kwamba nyanda zilizozaa wakimbiaji zitazaa waendeshaji pia. Suleiman Kangangi alipitia huko, akaendesha kwa timu ya Ujerumani ya Bike Aid, kisha akawa nahodha wa Team Amani hadi alipofariki mashindanoni Vermont, Marekani, mwezi Agosti 2022. Kwingineko Afrika Mashariki, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu na jezi ya kijani katika Tour de France ya 2024, na Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya barabarani.

Mapafu hayajawahi kuwa tatizo letu. Vifaa, na mikono iliyozoea kuvitunza, ndivyo vilivyokosekana. Fremu nafuu inaondoa sehemu ya kwanza ya tatizo, lakini sehemu ya pili inabaki mikononi mwetu.

Unafuu unatoka wapi

Fremu ya kaboni si kitu cha kuyeyushwa na kumiminwa. Ni vitambaa vya nyuzi nyembamba kuliko unywele, vilivyolowekwa gundi ya epoksi, vinavyokatwa vipande vingi na kupangwa kwa mkono ndani ya kalibu, kila tabaka likielekezwa upande wake. Kalibu inafungwa, inapashwa moto na kubanwa hadi gundi igande. Ubora hautokani na jina la uzi peke yake. Muuzaji anaweza kutangaza T700 au T800 ya kampuni ya Toray ya Japani, na bado fremu ikawa dhaifu kwa sababu matabaka yalikunjamana kwenye kona au hewa ilibaki ndani.

Viwanda vya miji kama Xiamen na Dongguan vimefanya kazi hii kwa miongo mingi, mara nyingi kwa niaba ya kampuni zenye majina ya Ulaya na Marekani. Anayenunua fremu isiyo na jina kubwa halipii udhamini wa timu, matangazo wala faida ya maduka ya katikati. Hapo ndipo unafuu halali unapotoka. Wala teknolojia ya China si ya kubezwa tena: tangu 2025 timu ya Astana inashindana katika ngazi ya juu kabisa duniani kwa baiskeli za XDS, kampuni ya China.

Lakini kuna unafuu usio halali. Fremu yenye jina la Pinarello au Specialized inayouzwa kwa robo ya bei yake ni bandia, na aliyethubutu kuiba jina hana sababu ya kuogopa kuiba tabaka mbili za kaboni. Afadhali fremu nyeusi isiyo na maandishi, au yenye jina la kiwanda chenyewe, ambacho kinaonyesha ripoti ya majaribio ya kiwango cha ISO 4210. Katika majaribio hayo fremu hukandamizwa kwa mizigo ya pedali mara 100,000. Muuzaji asiyeweza kuonyesha ripoti hiyo, wala kutaja muda wa dhamana, aachwe. Na mwenye ndoto ya mashindano ya UCI, shirika la kimataifa la mbio za baiskeli, atafute nembo ya idhini ya shirika hilo, iliyoanza kubandikwa kwenye fremu mwaka 2011.

Hesabu ya uzito na hesabu ya gia

Fremu ya kaboni ya bei nafuu huwa na gramu 1,000 hadi 1,200. Ya alumini nzuri ina kama 1,500 au 1,600. Tofauti ni nusu kilo. Tumchukue mwendeshaji ambaye yeye, baiskeli na chupa za maji wanafikia kilo 80. Nusu kilo ni asilimia 0.6 ya mzigo huo. Katika mlima wa saa nzima, faida yake haifiki nusu dakika. Kwa mshindani wa kulipwa, sekunde ishirini ni jukwaa la washindi. Kwa anayepanda kutoka Subukia kwenda Nyahururu Jumapili asubuhi, ni muda wa kufungua chupa.

Sasa tazama gia. Baiskeli nyingi za mbio za mitumba zinazoingia kutoka Ulaya zina meno 39 mbele na 25 nyuma kama gia nyepesi kuliko zote. Katika mwinuko wa asilimia 7, mwendeshaji wetu akizungusha pedali mara 70 kwa dakika atalazimika kwenda karibu kilomita 14 kwa saa, na hiyo inadai takriban wati 240. Akiwa na meno 34 mbele na 34 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali ni mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa mizunguko ileile 70 atakwenda karibu kilomita 9 kwa saa kwa wati 150 hivi. Tofauti ya wati 90 ndiyo inayoamua kama mtu atafika juu akiwa anapumua au atashuka na kusukuma.

Na milima yetu haisamehe. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya Eldoret inapanda hadi kuvuka mita 2,700 pale Timboroa. Ukishuka kwenda Marigat kupitia Mogotio, unafika mita elfu moja na kitu kwenye joto la Baringo, kisha Kabarnet inakungoja huko juu karibu mita 2,000. Hewa yetu nyembamba hupunguza upinzani wa upepo kwenye tambarare, lakini mlimani inapunguza oksijeni. Kwa hiyo shilingi ya kwanza baada ya fremu iende kwenye gia: meno 50 na 34 mbele, 11 hadi 32 au 34 nyuma. Shimano Tiagra au 105 za kebo zinatosha kabisa. Seti za China kama Sensah na L-Twoo ni nafuu zaidi, ila hakikisha direla (kifaa cha kuhamisha mnyororo) na vishikio vya gia vya vipuri vinapatikana kabla hujalipa. Gia za umeme ziachwe kwa sasa, kwani zikigoma Eldama Ravine hakuna wa kuzirekebisha.

Vipimo vinavyoamua maisha ya baiskeli

Tangazo la fremu hujaa picha nzuri na maneno ya upepo. Taarifa muhimu huwa chini kabisa, kwenye jedwali dogo la vipimo, na hapo ndipo mnunuzi akae.

Kwanza, tundu la ekseli ya pedali. Kuna fremu ambazo beringi zake husukumwa kwa nguvu ndani ya kaboni tupu, na kuna ambazo zina hesi za kufungia vikombe. Kipimo cha sehemu hiyo kikikosewa hata sehemu ndogo ya milimita, beringi za kusukumwa hulia kwa kila mkanyago, na vumbi la majivu ya volkano la huku kwetu hupenya na kusaga. Zenye hesi za kawaida, zinazoitwa BSA, au zile pana za T47, hufunguliwa kwa spana, husafishwa, hupakwa grisi na kurudishwa. Fremu isiyo na hesi sehemu hiyo haifai kununuliwa huku hata ikishushwa bei.

Pili, sikio la direla, kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika direla ya nyuma. Kimeumbwa kipinde ili fremu isivunjike baiskeli ikianguka. Kila fremu huwa na sikio lake, ila zile zinazotumia muundo wa pamoja wa UDH. Agiza mawili ya ziada siku ileile unapoagiza fremu. Bila sikio, fremu ya Sh80,000 hulala kwa wiki kadhaa ikisubiri kipande cha mia chache.

Tatu, nguzo ya kiti. Ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 27.2 inapatikana popote. Zile bapa za kukata upepo hutoka kiwandani kwao peke yake.

Nne, njia ya kebo. Fremu zinazopitisha kila kitu ndani ya shingo ya usukani ni za kupendeza, lakini kubadilisha beringi za usukani hugeuka kazi ya siku nzima, na breki za mafuta hulazimika kutolewa hewa upya. Chagua ambayo kebo zinaingia upande wa bomba la chini.

Tano, nafasi ya tairi. Fremu za zamani zilikwama kwenye milimita 25. Kwa lami yetu yenye viraka, kingo zilizomeguka na matuta yasiyotangazwa, milimita 32 ndiyo kiasi cha chini cha kudai. Tairi pana lenye upepo mdogo hupunguza pancha, hulinda rimu, na kumpunguzia mwendeshaji mtetemo kuliko kaboni yoyote.

Magurudumu na breki

Maduka ya Nakuru yamejaa tairi na tyubu za Black Mamba, ambazo rimu zake zina kipenyo cha milimita 635, na za baiskeli za inchi 26, ambazo ni milimita 559. Hakuna hata moja inayoingia kwenye baiskeli ya mbio, ambayo ni milimita 622. Habari njema ni kwamba baiskeli za milimani za inchi 29 zinatumia rimu ya 622 vilevile, kwa hiyo soko la vipuri hivyo linakua. Tyubu ya inchi 29 iliyo nyembamba itakufikisha nyumbani siku ya dharura. Beba pia adapta ya valvu, kwa sababu pampu ya kituo cha mafuta haiingii kwenye valvu nyembamba za mbio.

Rimu za kaboni haziharakishwi. Rimu za alumini zenye spoki za kawaida za chuma hunyooshwa na fundi yeyote mwenye ufunguo wa spoki. Kwenye habu, uliza namba ya beringi. Habu inayotumia 6902, kwa mfano, inatumia beringi ya milimita 15 kwa 28 kwa 7 ambayo duka la beringi za mashine mjini linaweza kukuuzia bila kujua kwamba ni ya baiskeli. Namba hiyo moja ina thamani kuliko jina lolote lililoandikwa kwenye rimu.

Breki za diski ndizo za kuchagua, kwa sababu ya miteremko. Kushuka kutoka Kabarnet hadi Marigat huku ukibana rimu ya kaboni kunaipasha moto hadi gundi yake ilegee. Breki za diski za kebo ni rahisi kutunza. Za mafuta zina nguvu zaidi, ila fahamu mafuta yake: Shimano hutumia mafuta ya madini, SRAM nyingi hutumia mafuta ya DOT kama yale ya breki za gari. Kuchanganya mafuta hayo huharibu mpira wa ndani na kukuacha bila breki.

Bei kamili

Kosa la kawaida ni kulinganisha bei ya fremu pekee na bei ya baiskeli nzima. Fremu ni kama theluthi moja ya gharama. Seti ya gia na breki hukaribia au hupita bei yake. Magurudumu ya alumini, tairi, usukani, kiti, pedali na mkanda wa usukani humaliza theluthi ya mwisho. Kisha kuna forodha. VAT ni asilimia 16, nayo hukokotolewa juu ya bei ya kitu pamoja na usafiri, bima na ushuru wenyewe. Juu yake kuna ada ya tamko la uagizaji na ada ya reli. Fremu na foku huingia chini ya kifungu 8714.91, si 8712 cha baiskeli kamili, kwa hivyo ankara iandikwe sawasawa. Weka kando angalau theluthi ya ziada kwa kila kinachotoka nje.

Ukijumlisha kwa uaminifu, baiskeli iliyoundwa hivi hukaribia robo milioni ya shilingi. Kwa anayeanza, hiyo si bei nafuu hata kidogo. Huyo namshauri anunue baiskeli ya alumini ya mitumba, abadilishe gia za nyuma na tairi, aendeshe mwaka mmoja na kuujua mwili wake. Mwaka huo utamfundisha urefu wa fremu unaomfaa, jambo ambalo likikosewa, kaboni haiwezi kulirekebisha. Fremu nafuu inamfaa yule aliyekwisha kuvijua vipimo vyake, na ambaye ana baiskeli ya zamani ya kutolea magurudumu au gia. Huyo hununua fremu tu, na hapo hesabu hubadilika kabisa.

Mikono ya fundi

Fremu ikifika, isifungwe siku hiyo. Tazama ndani ya tundu la pedali kwa tochi: kaboni iwe laini, bila mabaki ya plastiki yaliyokunjamana. Ingiza vikombe vya beringi kwa mkono, na vikiingia kombo usilazimishe. Piga mabomba taratibu kwa sarafu ya shilingi, sentimita kwa sentimita. Mlio mkali unaofanana kote ni salama. Pale mlio unapogeuka bubu, matabaka huenda yameachana. Piga picha, irudishe.

Kisha inakuja hatua inayoua fremu nyingi kuliko ajali: kukaza bolti. Fundi wetu amefunzwa na chuma, na chuma hukazwa mpaka mkono ukatae. Bolti ya kubana nguzo ya kiti kwenye kaboni inahitaji takriban nyutoni-mita 5 tu. Chukua spana ya sentimita 25 na utundike pakiti ya unga ya kilo 2 mwishoni mwake, basi, umefika. Fundi akiegemea zaidi ya hapo, kaboni hupasuka ndani bila kutoa sauti, na ufa huonekana miezi baadaye. Badala ya grisi, hapo hupakwa dawa yenye chembechembe za kushikiza, ili nguzo isiteleze kwa nguvu ndogo. Kwenye shingo ya usukani, kizibo cha kupanuka ndani ya bomba la foku kikae sawasawa palipobanwa, la sivyo bomba linapondwa. Kwingine hesabu ni tofauti: nati ya gia za nyuma inataka nyutoni-mita 40, vikombe vya pedali 35 hadi 50. Hakuna mkono unaoweza kuyakisia yote haya, kwa hiyo spana ya kupimia nguvu ni sehemu ya bei ya fremu.

Ikipasuka je? Kaboni hutengenezeka, na Nakuru ina mafundi wanaojua nyuzi na gundi, wale wanaounda bodi za matatu na matangi kwa faiba ya kioo. Ujuzi wao uko karibu na unaohitajika. Ila gundi ya poliesta wanayoitumia haitoshi; kaboni inadai epoksi, kukwaruzwa kwa ngazi, na matabaka yanayofuata mwelekeo wa asili. Foku, usukani na shingo yake visitengenezwe kamwe. Vikipasuka, vitupwe.

Hapa ndipo ninapoona kazi ya vyuo vya ufundi vya kaunti na vya karibu na Chuo Kikuu cha Egerton. Kozi fupi ya baiskeli za kisasa, yenye spana za kipimo, benchi la kunyooshea rimu na somo la epoksi, ingegharimu kidogo kuliko baiskeli tatu za mashindano. Ingewapa ajira vijana ambao baba zao waliishi kwa kuchomelea Black Mamba, na ingeipa kila fremu inayoingia nchini mahali pa kutibiwa.

Barabara yenyewe

Hakuna fremu inayoshinda lori. Barabara kuu ya A8 kati ya Salgaa, Sachangwan na Migaa imemwaga damu nyingi, ikiwemo ajali ya Migaa ya mkesha wa mwaka mpya wa 2018 iliyoua zaidi ya watu 30. Upanuzi wa barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit utaleta njia zaidi za magari, lakini kabla ya hapo utaleta michepuko, kokoto na vumbi. Wanaopanga barabara hiyo wanapaswa kuulizwa wazi: bega la lami la mwendesha baiskeli liko wapi kwenye michoro? Kwa sasa, njia za Solai, Subukia, Mogotio na Njoro hadi Mau Narok ndizo za mazoezi, asubuhi na mapema, taa ikiwa imewashwa nyuma.

Basi anayetaka kuagiza mwezi huu aanze na orodha fupi: tundu lenye hesi, nafasi ya tairi ya milimita 32, nguzo ya 27.2, masikio mawili ya ziada, ripoti ya ISO 4210. Fremu ikikosa hata moja kati ya hayo, aiache hata kama ni nyepesi na nzuri. Ikitimiza yote, ainunue bila hofu, atenge fedha za gia za mlimani, na amtafute fundi aliye tayari kujifunza pamoja naye.